Onorabule wa Chumba cha Uani

Katika nyumba yetu ya Bellevue alikaa mzee mmoja aliyewahi kuwa na vyeo viwili vikubwa, na vyote viwili vilikuwa vimemponyoka. Kwao Kongo, milima ya Kivu, alikuwa komanda wa waasi. Waasi walipopatana na serikali alivua magwanda, akavaa suti, akaenda Kinshasa kuwa mbunge. Hapa Johannesburg alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari kwenye duka moja kubwa la Rosettenville, mwenye kizibao cha kung'aa na filimbi shingoni. Wakongo mbunge wao humwita "Onorabule", yaani mheshimiwa, na sisi wote pale nyumbani tukamwita hivyo hivyo. Wako waliomwita kwa adabu na wako waliomwita kwa kejeli. Yeye aliitika sawasawa kwa wote.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga. Mlango wangu ulitazamana na wake, ua mdogo wa saruji katikati, na kamba za nguo juu yetu. Tulikaa hivyo miaka mingi. Sare yake ya ulinzi nilimpunguzia mimi, maana waliompa walimpa ya mtu mwenye kitambi, naye alikuwa mwembamba kama ufito. Aliposimama kujaribu suruali alinyoosha mgongo, akatazama mbele, akaniuliza kwa uzito kabisa:

"Dada, mkunjo wa mbele uko sawa?"

"Uko sawa, mzee. Lakini ni suruali ya kusimama juani."

"Ndiyo maana," akasema. "Mutu akinitazama siku muzima, aone mkunjo."

Kujipenda alijipenda. Nywele alizitia rangi nyeusi mwenyewe, mbele ya kioo kilichoegemezwa kwenye bomba la uani, na mara nyingi rangi ilimchuruzika masikioni. Viatu alivipiga rangi hata kama anatoka kwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate tu. Sikukuu ya uhuru wa kwao ilipofika alitoa suti yake ya kijivu, akaivaa asubuhi, akatoa kiti nje, akakaa peke yake hadi mchana. Hakupika, hakuimba, hakumwalika mtu. Mwanangu, aliyezaliwa hapa na anayekisikia Kiswahili lakini hakisemi, alimpita akamwambia kwa lugha ya vijana wa hapa, "Sharp, mkhulu," yaani safi, babu. Mzee akamwinamia kichwa kama anayepokea salamu za balozi.

Wageni waliotutembelea walitaka sana asimulie vita. Hakusimulia. Wangemchokoza, wangemletea soda, wangeanza wao wenyewe na visa vya uongo ili asahihishe, na yeye angetabasamu tu na kuuliza habari za wazazi wao. Jambo alilopenda kusimulia ni bunge. Na katika bunge lenyewe, siku moja tu, ile aliyosimama akasema hadharani kwamba wanajeshi wa serikali, wakiwemo aliowaleta yeye kutoka msituni, wanawapora wakulima na kuwabebesha mizigo kama punda. Aliongea muda mfupi. Alipoketi, jirani yake wa kushoto alihamisha kiti. Jioni ile rafiki mmoja alimshauri asilale kwake, na tangu hapo hakulala tena nyumba aliyoiita yake.

"Kule musituni nilisema uongo mwingi, na batu walinifuata," aliniambia mara moja, akipangusa sahani. "Kule bunge nilisema kweli moja, nikabaki peke yangu."

Siasa lakini haikumtoka. Nyumba yetu ilikuwa ya kizamani, ya familia moja enzi hizo, na mwenye nyumba aliigawa kwa mbao mpaka sebule ikawa vyumba vitatu. Bafu moja, gisa moja ya maji ya moto, watu tele. Kila asubuhi ugomvi. Onorabule ndiye aliyeanzisha kikao cha wapangaji, Jumapili jioni, uani. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akagonga kijiko kwenye bomba, akafungua kikao. Hakuruhusu mtu amkatize mwenzake. Mtu akipandisha sauti aliambiwa atulie, na akitulia alipewa nafasi ya kwanza kusema. Mwisho aliuliza, "Nani anakubali?" na mikono ikainuliwa, akahesabu kwa kidole, akiwahesabu wanawake na wageni waliohamia juzi sawa na wakongwe.

Shabani, kijana wa Unguja aliyeuza viatu barabarani, alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Mheshimiwa spika, naomba mwongozo, nani kamaliza sabuni yangu?" Mzee hakucheka. Alimjibu kwamba hoja imepokelewa. Na sabuni ilirudi, maana aliyeichukua aliona haya zaidi mbele ya kikao kuliko ambavyo angeona mbele ya ngumi.

Kipindi kile cha vurugu dhidi ya wageni, habari zilipoenea kwamba kundi la watu linapanda kutoka mjini likivunja maduka, vijana wa nyumba yetu walikusanya vyuma, mapanga na visu vya jikoni. Wakamfuata yeye. Waliona Mungu kawapa komanda bure.

"Tupange, mzee," Shabani akamwambia. "Wewe unajua. Tukae wapi?"

Onorabule akawaambia waweke vile vyuma vyote chumbani kwake. Wakaweka, wakidhani ndiyo mpango wenyewe unaanza. Akafunga mlango kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni.

"Mpango njo huu," akasema. "Kila mutu ashike mutoto mumoja. Kama hauna mutoto, shika wa mwenzako. Tunaenda kanisani kwa mlango wa nyuma. Bingine byote tunaacha."

Shabani alimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia. Mzee akamshikisha mkono wa mwanangu, akatutoa. Tuliporudi kesho yake mlango mkubwa ulikuwa umelala chini. Cherehani yangu imekwenda, mzigo wa viatu vya Shabani umekwenda, hata bomba la uani waling'oa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mkwaruzo. Lakini tangu siku ile vijana walianza kunong'ona kwamba huyu hakuwa mwanajeshi wa kweli, ni mwoga aliyejipa cheo. Mimi nami, niliyekuwa nikililia cherehani, sikumtetea. Yeye aliyasikia yote, akaendelea kupiga rangi viatu.

Aliogopa mbwa, na hilo halikumsaidia. Mbwa mdogo wa jirani akibweka nyuma ya uzio, mzee alihamia upande wa pili wa barabara. Kusema Kifaransa alikisema kama maji, lakini kwenye foleni ya karatasi za wakimbizi hakufungua mdomo, alisimama kimya akasukumwa na watoto wadogo waliompita. Alikuwa anaweza kuwapatanisha Wakongo na Watanzania juu ya gisa, na hakuweza kumpigia simu mwanawe wa kumzaa aliyekuwa Ulaya. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mwanawe alimwuliza swali moja zamani, na mpaka awe na jibu hatapiga. Sikumuuliza swali gani. Baadaye nilikuja kulijua bila kuambiwa.

Mama Furaha alihamia kwetu mwanzo wa majira ya baridi. Alikuwa msusi, mtu wa kanisani, mwenye sauti ya chini, kutoka vijiji vya milimani juu ya Uvira. Alipoingia na mabegi yake Onorabule alikuwa anaanika soksi. Mama Furaha akaweka begi chini, akamtazama. Nikadhani wanafahamiana, nikangoja wakumbatiane. Hapakuwa na salamu. Mama Furaha aliingia ndani, akafunga, na siku nyingi alipomwona mzee uani alirudi chumbani mpaka apite.

Aliponizoea alinieleza akinisuka. Alikuwa bado binti waasi walipofika shuleni kwao. Komanda wao alipanda juu ya meza ya mwalimu, kijana mtanashati mwenye bereti, akahutubia juu ya ukombozi kwa maneno matamu mpaka walimu wakapiga makofi. Walipoondoka waliondoka na wavulana wa darasa la mwisho. Mmoja wao alikuwa mdogo wake, jina lake Bahati. Hajaonekana tena.

"Dada, sura njo ile ile," akaniambia, mikono imesimama kichwani mwangu. "Nywele tu njo alipaka."

Nikamwambia asifanye lolote kwa hasira. Akasema hana hasira, ana swali.

Alimuuliza siku ya Jumamosi, mzee akiwa anafua kola. Mimi nilikuwa mlangoni na kazi yangu mapajani, nikasikia kila neno.

"Ndugu yangu iko wapi?"

Mzee aliinua kichwa. Akamuuliza ni wa wapi. Akatajiwa kijiji. Akauliza jina, akatajiwa Bahati.

"Mama, ba Bahati walikuwa wengi."

"Huyu mashine ya muwa ilimukata kidole. Kile kidogo, ya mukono wa kushoto."

Povu lilikuwa likimdondoka mikononi. Akaiweka kola kando, akasema, "Unipe siku, Mama. Nitakujibu."

Tangu hapo aliacha kutia nywele rangi. Mvi zikachomoza chini, akawa na kichwa cha rangi mbili. Alikwenda kazini, akarudi, hakuitisha kikao. Jioni moja aligonga kwangu, akakataa kuketi.

"Dada, uongo iko tayari mudomoni mwangu," akasema. "Nikimwambia mutoto alikufa na kipindupindu, atalia, atalala. Batu wengi walikufa na kipindupindu. Hakuna atakayenipinga."

"Na kweli ni ipi?"

Akageuka akatazama mlango wa Mama Furaha. Nikaelewa, na swali la mwanawe nalo nikalielewa: kama aliua watoto wa wenzake. Nikamwambia mimi si mtu wa kumshauri jambo kama hilo. Lakini ningekuwa Mama Furaha, nikasema, ningetaka kujua pa kwenda kusimama.

Alimwambia Jumapili. Mama Furaha alikuwa ametoka kanisani, bado na kitenge chake cha kwaya. Mzee alimwomba akae, akakaa kwenye ngazi ya jikoni. Yeye alisimama, mikono ubavuni, bila kofia.

"Ndugu yako alitoroka," akasema. "Yeye na wenzake wawili. Walitaka kurudi kwenu. Batu wangu waliwakamata kwenye mto, wakaniletea. Mimi njo nilikuwa komanda. Nilisema wakirudi bila azabu, wote watatoroka."

Nilikuwa nimesogea nimshike Mama Furaha, akanizuia kwa kiganja.

"Alisema nini?"

"Aliomba maji."

"Ulimupa?"

"Nilimupa."

"Kisha?"

"Kisha nikatoa amri."

Mtoto wa chumba cha mbele alikuwa anacheza na mpira, ukaja ukagonga mguu wa mzee, naye hakuusogeza. Mama Furaha akaamka, akakung'uta kitenge, akaingia ndani. Kilio chake tulikisikia baadaye, kikitoka kama mtu anayeziba mdomo kwa mto.

Habari haikukaa chini ya kamba zile za nguo. Siku chache tu nyumba nzima ilijua. Shabani akasema hawezi kuoga bafu moja na muuaji wa watoto, na Waburundi wa vyumba vya sebuleni wakasema hivyo hivyo. Wakataka aondoke. Yeye akasema jambo hilo haliamuliwi kwenye korido, liamuliwe kikaoni.

Basi akaitisha kikao. Akakaa kwenye ndoo yake. Akamwita Shabani aseme, na Shabani, ambaye hakuwahi kumaliza hotuba bila mzaha, safari hii hakutania, akasema yeye alipokuwa mdogo alikuwa na kaka wa umri wa Bahati. Mzee akamshukuru. Akauliza kama yupo wa kusema kinyume. Macho yakanijia mimi. Nikasema mzee alituokoa siku ile ya vurugu, watoto wetu wako hai. Watu wakatazama chini. Akauliza kama Mama Furaha ana neno. Mama Furaha alitikisa kichwa.

"Hoja ni kwamba mpangaji wa chumba cha uani aondoke," akasema. "Nani anakubali?"

Mikono ikainuka. Akahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, kama alivyozoea. Alipofika mwisho aliinua na wa kwake, akajihesabu. Nilitazama upande wa Mama Furaha. Mikono yake ilikuwa mapajani.

Akahamia Turffontein, kibanda cha nyuma ya nyumba ya Mreno mmoja mzee, jirani na uwanja wa mbio za farasi. Kutoka hapo aliweza kwenda kazini kwa miguu. Nilimtembelea mara kadhaa. Nilimkuta amezeeka kwa haraka, kichwa cheupe chote, suti ikining'inia msumarini bila kufunikwa. Tuliongea juu ya mwanangu, baridi, bei za vyakula. Sikumsamehe, maana si mimi niliyekosewa, wala sikuweza kumwacha. Mpaka leo sijui jina la hali hiyo.

Mwaka uliofuata Mama Furaha aliniletea jambo. Mama yake mzazi, kule kijijini, alikuwa mgonjwa na bado kila alfajiri alimwombea Bahati arudi. Hakuna aliyethubutu kumweleza.

"Sitaki afe na ile matumaini," akaniambia. "Nataka kumupeleka fasi, pahali mutoto wake iko. Dada, nenda umuulize yule. Mimi siwezi."

Nikaenda Turffontein. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akajaribu kunieleza mahali: mto, kilima, mti uliochomwa na radi. Akasimama katikati ya maneno.

"Haitafaa," akasema. "Mti ule hauko tena. Lazima mimi mwenyewe nione kilima. Nitaenda naye."

Nikamkumbusha alikimbia nini. Serikali ile ilikuwa haijamsahau, na akitoka nchi hii na karatasi yake ya ukimbizi hatarudi tena. Akasema, "Bon," yaani haya, kama mtu aliyeambiwa kwamba nje kuna mvua.

Kilichotokea huko nimekipata kwa Mama Furaha. Walifika. Mzee alizunguka kile kilima asubuhi nzima, akihesabu hatua, akikosea, akianza upya, wanakijiji wakimfuata na majembe. Alipata mahali. Walipochimba walikuta mifupa ya watu watatu, kama alivyosema, na mmoja wao mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Mama mzazi alibebwa kwa machela akaletwa. Hakumwuliza mzee lolote. Alimwomba tu asogee, maana kivuli chake kilikuwa kinamzuia asione. Mzee akasogea, akakaa mbali, na huko ndiko wanajeshi walikomkuta siku ya pili, kwa kuwa alikuwa hajaondoka. Mmoja alimpigia saluti kwanza, kisha wakamfunga. Tangu hapo hakuna anayejua. Mama Furaha aliuliza kwenye kambi, akafukuzwa. Kanisa nalo liliuliza. Namba ya simu yake inaita tu.

Mimi mara ya mwisho kumwona ilikuwa Park Station, siku waliyoondoka. Basi la Lusaka lilikuwa linapakia, kutoka huko waende Tunduma, Kigoma, mpaka Bujumbura, jirani na Uvira. Jua lilikuwa kali, wapagazi wakigombea mizigo, wahubiri wakipiga kelele. Onorabule alikuwa na begi moja. Mama Furaha alisimama mbali naye kama mita chache, mgongo ameupa ukuta. Walikuwa wamekata tiketi mbili za siti tofauti, mmoja mbele na mwingine nyuma kabisa. Tangu ile Jumapili ya uani hawakuwa wamesemeshana; kila kitu kilipitia kwangu.

Nilikuwa nimewafungia chapati na mayai ya kuchemsha, kila mmoja wake. Mzee aliuchukua mfuko, akanishukuru, akauweka juu ya begi bila kuufungua. Nikamwona uso umekauka. Nikamuuliza tangu lini hajala. Akasema hana njaa.

Mama Furaha alikuwa anatusikia. Alinisogelea, akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya kutosha watu wawili kuisikia:

"Mwambie akule. Njia ni ndefu, na mimi niko namuhitaji afike."

Sikuhitaji kumwambia. Mzee alipiga goti karibu na begi lake, akafungua mfuko, akatoa yai, akalimenya. Maganda yakamwangukia kwenye viatu. Akala lote. Akala na chapati, akitafuna polepole kama mgonjwa anayelishwa, na Mama Furaha alisimama akimtazama, hakuondoa macho mpaka alipomeza tonge la mwisho. Kisha Mama Furaha akachukua begi lake, akapanda basi, na mzee akapanda baada yake.